Matofali ya Kemunto Ndani ya Pipa

Jumamosi, Sabato imekwisha.

Jana nilimgombeza Kemunto, mkaza mwana wangu, bure kabisa. Alipanga matofali ndani ya pipa letu la kuchomea nyama kwa moshi. Nikamuuliza, "Wewe, unajenga choo?"

Akacheka. "Mama, yatatunza joto."

Jua likakaribia kuzama, Sabato inaingia, na siku hiyo hatupiki; kuku wa wageni hawajaiva. Nikatoa kuni zote, nikafunika pipa, kuku wakiwa ndani. Nililala vibaya. Watu wa kanisa niwape nini, nyama mbichi?

Leo tumerudi kutoka kanisani, nyama inaachana na mfupa, matofali bado yana joto! Mzee wangu na meno yake matatu alimaliza mapaja mawili.

Pole sikusema. Lakini paja moja nilimfichia Kemunto. Nikamwambia, "Kula, mjenga choo."