Soksi Juu ya Buti

Halyna,

Supu ya bitiruti iko jikoni, ipashe moto. Ngazi zenye barafu nimezimwagia majivu zisiteleze, lakini shika reli ukipanda.

Nimekwenda kanisani kwa miguu. Leo ni kumbukumbu ya mama yako, nawe unataka tumwombee nyumbani, mbele ya ibada ya runinga. Asubuhi nilipokataa nilikusikia ukimnong'oneza mumeo Bohdan: "Mfichie Baba vile vyuma vya kuvaa chini ya viatu, hatathubutu kukanyaga barafu." Naye akanigeukia akicheka: "Mzee, labda utembee kama pengwini!"

Mmevificha kweli. Basi nimevaa soksi za sufu juu ya buti, kama tulivyofanya nilipokuwa nasoma shule ya jioni. Sufu hushika barafu. Nitapita Mtaa wa Selkirk, upande wenye jua, kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Sihitaji kufundishwa na pengwini.

~~Njoo unichukue ibada ikiisha.~~ Usije. Nitarudi kama nilivyokwenda.

Nikianguka, nitakuwa nimeanguka nikimwendea mama yako. Ninyi mlishaniangusha nikiwa nimekaa kitini.

Baba yako