Kwa Baba Raphaël, Aliyetufundisha Kutaja Mwenye Maneno

Baba, mwaka mzima umetimia tangu tulipokulaza katika udongo wa Lusangi, Juni 1957. Mama Anastasie bado anakupakulia wali. Halafu anakumbuka.

Ulifundisha miaka ishirini na miwili katika shule ya misheni. Ulichonga penseli za watoto wote kwa kisu chako kimoja, na aliyekuja na njaa alikula muhogo wako. Jambo moja tu hukulivumilia: mtoto kuchukua maneno ya mwingine na kuyaita yake.

Binti yako Régina alilijua hilo, na bado akajaribu. Mkaguzi wa shule alipokuja, Régina alimsomea insha aliyoandika: jinsi bibi yake mwenyewe alivyovuka mto Luama uliofurika, akikimbia vita, mtoto mgongoni. Mkaguzi akampa kitambaa cha nguo mbele ya wote. Wewe, uliyejua kwamba bibi yake hakuuvuka mto ule, ukasimama.

"Régina, maneno haya umeyatoa wapi?"

"Ni yangu, mwalimu."

Hukumpiga. Ulimwomba mkaguzi radhi, ukamrudishia kitambaa. Jumamosi ukampakia binti yako kwenye baiskeli mpaka Wamaza, kwa mzee Cécilia, aliyemsimulia kisa kile wakati wa mavuno. Ukamwambia amsomee yote.

Mzee alisikiliza, macho ameyafumba.

"Umeandika muzuri, mujukuu," akasema. "Lakini yule mama iko mama yangu, Mwavita. Mutoto wa mugongoni iko mimi. Sasa mbona umemufanya bibi yako?"

Régina alilia. Ulimpa penseli, na palepale akaandika chini ya insha: "Nimesimuliwa na Mama Cécilia wa Wamaza. Aliyevuka ni mama yake, Mwavita."

Njiani kurudi hukumkaripia. Ulisema tu, "Sasa insha yako ni nzuri kuliko siku ile."

Kitambaa alipewa mwingine. Mama Cécilia naye amefariki, na hatujui pengine popote palipoandikwa jina la Mwavita ila katika daftari lile.

Mwaka huu Régina ameanza kufundisha wasichana hapa Kasongo. Juzi mmoja alimwuliza, "Mwalimu, kama aliyenisimulia amekufa, bado nimwandike?"

Régina alitoka nje kidogo, akafuta uso. Aliporudi, alimjibu, "Huyo ndiye umwandike kwanza."

Tunaokukumbuka: mke wako Anastasie, wanao Régina, Michel na Julienne, mdogo wako Jean-Baptiste wa Kabambare, na rafiki yako Hemedi, aliyekubebea jeneza.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba, siku zetu zote.