Mchanga wa Waridi Langu

Rwamgasa

Dada Limi, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu. Juzi nilichota mchanga wa baba nikajaza ndoo ya waridi langu la mashindano ya kijiji. Nilidhani ni marudio, yaani umeshatolewa dhahabu. Kumbe ulikuwa bado haujaoshwa.

Leo nimekuwa wa kwanza. Jaji akacheka, "Binti, udongo wako unang'aa!" Nikainama tu, maana tangu jana baba anamwandama Ngassa, kibarua wetu: "Mchanga wangu uko wapi, mwizi we?" Ngassa analia, "Mzee, sijagusa!" Baba ameapa kesho atampeleka polisi.

Nasikia ndala za baba zinakuja mlangoni. Barua siifichi tena, dada. Waridi nimeliweka mezani, na ndoo yake.

Niombee.

Mdogo wako,
Asteria