Pipa Lilikuwa Lako

Hamisi, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Barua hii sikuifunga. Atakayekuletea huko Muyinga ameruhusiwa kuisoma, na kabla haijaondoka Gitega itasomwa msikitini mbele ya watu, kwa sababu wewe ulilaumiwa mbele ya watu. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Alipolitaja neno hilo nilikukumbuka, maana ndilo tuliloligombania karakanani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi nilikuwa nimerudi na cheti cha shule ya ufundi, wewe ulikuwa umebaki na nyundo ya baba. Tulitengeneza ndoo na mabeseni. Bati jeusi lilikuja na kutu na magamba. Tulilichovya kwenye asidi mpaka likang'aa, ndipo tukalitia kwenye zinki iliyoyeyuka. Baada ya majuma machache asidi iligeuka kijani ikaacha kula kutu. Nilisema imekufa, imwagwe kwenye shimo la chokaa ili ukali wake uishe, kama nilivyofundishwa.

Ukatikisa kichwa. "Kaka, mi naona haijakufa. Iko imechoka tu. Tuiache ilale."

"Asidi hailali, Hamisi. Soma kitabu."

"Bon, sawa. Lakini kitabu chako hakijaamka asubuhi hapa Gitega mwezi wa saba."

Mafundi wakacheka. Wewe uliichemsha ile asidi kuukuu, ukaitia moto moto ndani ya pipa la mbao ulilolipaka lami, ukaliacha uani kwenye baridi ya kiangazi. Asubuhi ya tatu chini ya pipa palikuwa na mawe ya kijani, yamekaa kama sukari guru iliyovunjwa. Chuma chote kilichoyeyuka ndani ya asidi kilikuwa kimejitenga pale. Ukateka asidi safi ya juu, ukaiongezea mpya kidogo, ukatumbukiza msumari wenye kutu. Povu likapanda.

"Umeona? Inapumua!"

"Leo cheti iko kimya!" fundi mmoja akapaza sauti, na wote wakapiga makofi.

Nami nilipiga makofi. Nilicheka kuliko wote. Hata wanawake wa Makebuko walipoanza kuja kuchukua yale mawe watie weusi ukindu wa vikapu vyao, walikuwa wakiuliza, "Fundi Hamisi yuko wapi?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Sasa sikiliza, na wote mnaosomewa msikilize.

Mwaka uliofuata ulikwenda Bukirasazi kutafuta makaa. Uliniachia neno moja tu: "Kaka, pipa usiliguse, linalala." Ilipofika adhuhuri mafundi walikwenda kuswali, nikabaki nyuma. Nilitaka urudi ukute hakuna kitu, niseme imekufa kama nilivyosema tangu mwanzo. Shimo la chokaa lilikuwa ng'ambo ya ua na pipa lilikuwa zito. Nikalipindua pale pale, penye mtaro. Nilijua mtaro unakwenda wapi. Kisha nikatawadha, nikaenda kuswali.

Siku chache baadaye, ukiwa umesharudi, yule mjane wa bondeni, mwenye shamba mtaro unakoishia, alipanda na majani ya magimbi yaliyoungua. "Mateke yangu yote iko imekauka! Ni nani alimwanga hii maji? Watoto wangu wane watakula nini?" Wazee wakakusanyika uani petu. Wakauliza pipa lile tupu ni la nani.

Ulinitazama, Hamisi. Kisha ukasema, "Pipa ni langu."

Ulisema kweli, nao wakaisikia kama kukiri. Neno moja lingetosha kutoka kwangu. Badala yake niliinamisha kichwa kama kaka anayeaibishwa na mdogo wake, na jioni ile nikampelekea mjane mtama. Watu wakasifu wema wangu. Wewe wakakuita Hamisi Sumu. Ulipohamia Muyinga, wachuuzi walilibeba jina hilo pamoja na mizigo yao.

Njia yako tuliifuata karakanani mpaka ilipofungwa. Wageni walipouliza ni nani aliyeibuni, nilijibu, "Tulijaribu-jaribu." Niliwahi kuja sokoni Muyinga. Nilikuona umekaa chini unaziba beseni, mvi kichwani, unataniana na mteja. Nilisimama nyuma ya magunia ya maharagwe mpaka ukamaliza lile beseni, nikarudi kituo cha basi.

Siku hizi naishi chumba cha mbele. Mke wangu alishatangulia, watoto wako nchi za watu. Najisemesha mwenyewe kwa Kifaransa ili nisikie sauti. Mtu mmoja tu hunifungulia mlango kila siku: binti wa yule mjane. Huniletea uji, hunikalisha juani, hunikata kucha. Anasema mama yake alimwusia asisahau mtama wangu. Jana alinisimulia tena habari za Hamisi Sumu, akiniita baba. Nilikunywa uji.

Sikuombi uje. Sikuombi hata unisamehe. Hilo ni lako na Mola wako. Naomba tu atakayekuita tena kwa jina lile umpe karatasi hii aisome.

Kesho ni Ijumaa. Imamu alitaka ningoje mpaka nizikwe ndipo isomwe, akasema ni sitara kwangu. Nimekataa. Nimeomba vijana wawili wanibebe kwa kiti, waniweke mbele kabisa, uso kwa watu. Asubuhi, kabla ya hapo, binti atakuja na uji wake. Nitamwambia mwenyewe akiwa bado amesimama, bakuli mkononi, ili aamue kama ataliweka chini au ataondoka nalo.

Ni mimi kaka yako,
niliyelipindua pipa,
Gitega