Harikeni Yenye Bawa Fupi

Jumatatu, 15 Juni 1970

Kilosa. Mhariri anataka picha ya Saba Saba, kazi ya mikono ya wananchi, na maelezo yasiyozidi maneno kumi na tano. Mwaka jana nilimpelekea mkeka. Mwaka juzi pia mkeka.

Nimekwenda Tumeungana, kijiji cha ujamaa baada ya Kilangali, kumwona seremala anayesemekana kutengeneza ndege. Nilikwenda kucheka. Sikucheka.

Mzee Rafaeli anakaribia miaka sitini. Alikuwa askari kule Burma, kwenye kiwanja cha ndege. Mezani ana Harikeni, ndege ya kivita ya Waingereza ya vita ile ya pili. Inchi moja kwa kila futi. Ya kweli ilikuwa futi arobaini kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yake ni inchi arobaini. Nilipima mwenyewe — arobaini kamili! Ameichonga kwa mlingoti mkavu wa mkonge, ule unaochomoza mkonge ukikaribia kufa. Mwepesi mno, unakatika kwa kisu cha jikoni. Juu ameivalisha kitambaa cha bafta na kuipaka uji wa muhogo. Ukikauka, unakaza kama ngoma. Miaka mitatu ya kazi.

Nikamuuliza kama aliwahi kuirusha.

"Kuirusha? Bwana mdogo, sisi tulikuwa tunaziba matundu. Inarudi imetobolewa kama chujio. Unakata kitambaa, unabandika, unapaka dawa, inaondoka. Siku nyingine hairudi. Hakuna aliyeuliza nani kaziba."

Mkewe, Mama Magreti, alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Muhogo wangu wote umeishia mabawani," akasema. "Miaka mitatu nalala na ndege, na sijafika hata Morogoro."

Mzee anataka jambo moja tu. Siku ya Saba Saba, pale Mikumi, jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti. Mara moja. Halafu ndege wanaweza kuichukua.

Jumatano, 17 Juni

Katibu wa kijiji, Ndugu Nikolaus, ameisikia habari ya ndege. Kijana wa kalamu mbili mfukoni. Akaizunguka meza mara tatu.

"Mzee, shikamoo. Ndege ni nzuri. Kasoro yake moja: imetengenezwa na mtu mmoja."

"Marahaba. Ulitaka itengenezwe na nusu mtu?"

Katibu hakucheka. Alisema mgeni rasmi akiuliza ni ya nani, kijiji kitajibu nini? Ubinafsi huo. Akauliza pia kama zile duara nyekundu na buluu za Waingereza ubavuni haziwezi kupakwa rangi za bendera yetu.

"Haikuwa yetu," mzee akasema. "Yetu yalikuwa matundu."

Duara zimebaki. Katibu ameitisha mkutano kesho.

Alhamisi, 18 Juni

Mkutano ulichukua saa tatu. Ndege ikajadiliwa kama shamba la pamoja. Uamuzi: mwili ubaki, maana mwili hauna ubishi. Mabawa yang'olewe, yatengenezwe upya na wananchi. Bawa la kulia wapewe nyumba kumi za Balozi Beda. La kushoto, nyumba kumi za Balozi Siwema. Wote wakapiga makofi. Mzee Rafaeli alisimama kuchora shina la bawa kwenye karatasi, wapate kukata panapoungana na mwili. Akaketi.

Mabawa yake? Katibu alisema yawekwe kando. Mama Magreti akayafunga kwenye kanga kuukuu. "Nitawashia moto," akasema, akaondoka nayo kwapani.

Muhtasari ukaandikwa papo hapo, ukasomwa, ukathibitishwa. Niliuazima ninakili. Umeandikwa: "Kila bawa urefu 18." Kumi na nane nini? Haukusema. Niliona. Sikuuliza. Mimi ni mwandishi, si mjumbe.

Jumatatu, 22 Juni

Kwa Balozi Beda wanakata milingoti ya mkonge wakiimba. Wameazima kwa mzee rula yake ya zamani, ya inchi. Kwa Siwema kimya. Wanawake sita, msasa na kazi. Nilipita haraka, nilikuwa nawahi gari la Msowero — kuna ugomvi wa ng'ombe na mahindi. Mahindi yameshindwa.

Nilipita pia nyuma ya jiko la Mama Magreti. Majivu ya kuni tu. Bafta ikiungua huacha masizi meusi na harufu ya wanga. Sikuona, sikunusa.

Jumatano, 1 Julai

Mabawa yameletwa. Ee!

La kulia, inchi kumi na nane, limepinda kidogo. La kushoto limenyooka, laini, bora kuliko lile mara kumi — na ni sentimita kumi na nane. Inchi saba na ushei.

Balozi Siwema amesimama mikono kiunoni. "Shule imeletewa rula mpya. Serikali imesema sasa tunapima kwa sentimita. Karatasi ya mkutano imesema kumi na nane. Nimekosa wapi?"

Hajakosa popote. Beda akasema labda ndege ikiwa inakata kona bawa moja hujikunja. Watu wakaangua kicheko. Mzee Rafaeli aliligeuza bawa lile fupi mkononi muda mrefu. "Mama Siwema, msasa huu nani kapiga?" Akaambiwa. "Ana mkono," akasema. Basi.

Akaomba siku mbili arefushe. Katibu akakataa. Muhtasari umeshathibitishwa, nakala imeshapelekwa wilayani. Kurekebisha bawa ni kusema mkutano ulikosea. "Na mkutano ni wananchi, mzee."

"Na ndege je?"

"Ndege itazoeleka."

Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyo. Miaka ishirini ya kazi, huwa sipati nyingi za namna hiyo.

Jumamosi, 4 Julai

Kibao cha chini ya ndege kimeandikwa: IMETENGENEZWA NA WANANCHI WOTE WA TUMEUNGANA. Nimehesabu watu waliokuwa hawajawahi kuiona: wengi. Jina la Rafaeli halimo. Nilimwambia Katibu pana nafasi ya mstari mmoja.

"Ndugu mwandishi, tukiweka jina moja, mengine yatalia."

Mhariri amepiga telegramu: maneno kumi na tano bado hayajafika. Naweza kuyaandika nimefumba macho. "Wananchi walijitolea." Nimeyaandika kwa shule na zahanati ngapi? Na kila mara palikuwa na mtu mmoja nyuma ya jengo, ana vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, na sikumuuliza jina.

Jumatatu, 6 Julai

Treni ya Mikumi. Harikeni imekaa kitini karibu na dirisha, Katibu kasimama. Abiria mmoja, mama wa magunia, akaitazama tangu tulipopanda, mwishowe akashindwa kuvumilia: "Jamani, hii ni ndege au panzi aliyeng'olewa mguu?"

Behewa zima! Hata Beda alicheka mpaka akajifuta machozi. Mzee Rafaeli alitazama nje. Mama Magreti yumo pia, kitu kirefu kimefungwa kwenye kanga kuukuu juu ya mapaja yake. Nilimuuliza amebeba nini.

"Kuni," akasema.

Jumanne, 7 Julai, Mikumi

Saa nne na nusu. Naandika juu ya goti, nyuma ya jukwaa. Vumbi. Mgeni rasmi amepita kwenye mikeka, vinu, maboga. Kwa ndege amesimama.

Anauliza ni kazi ya nani. Katibu, kifua mbele, kipaza sauti mkononi: "Ni kazi ya wananchi wote wa Tumeungana, Mheshimiwa!" Makofi.

Mgeni rasmi anainama. Anapima kwa shubiri, kulia. Anapima kushoto. Anapima tena kushoto. Anauliza, bila ukali, mbona bawa hili fupi? Nani amelikata hivi?

Siwema amemkazia Katibu macho. Beda anachunguza viatu vyake.

Halafu Katibu, kwenye kipaza sauti, wazi, mpaka kule barabarani:

"Mheshimiwa, fundi ni huyu hapa. Mzee Rafaeli. Ndiye aliyeitengeneza."

Ameyasema. Jina limesomwa, mara moja, kama alivyoomba.

Mzee amevua kofia. Anasimama taratibu. "Naam," anasema. "Ni mimi."

Watu wanacheka. Mgeni rasmi anamngoja aendelee. Katibu anaipungia mkono bendi ya shule ipige, na ngoma kubwa imeanza. Mama Magreti anapenya katikati ya watu, viwiko mbele, ameweka mzigo wake mezani kando ya ndege. Kanga ameifunga mafundo matatu. Amefungua mawili, ncha ya bawa la zamani inachungulia. La tatu limekaza, anatumia meno.

Nimetega kamera. Kwenye karatasi ya telegramu nimeandika neno la kwanza: Rafaeli. Yamebaki kumi na manne —