Masale Niliyokata Kirua

Jumatatu, 7 Agosti

Kokoto tena. Lori linashindwa kupanda kwa utelezi, linamwaga mzigo barabarani, sisi tunabeba mpaka juu. Ndoo kichwani, mlima mbele. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha. Inaning'inia tu hewani kama moshi wa kuni mbichi. Nguo hazikauki. Kwetu Singida mwezi huu watu wanatafuta kivuli.

Tunajenga mnara wa simu. Umepewa kona ya kihamba cha mjane mmoja, Bibi Apolonia. Kihamba ndiyo shamba lao la nyumbani, migomba na kahawa zimeizunguka nyumba. Nyapara anasema mnara ukiwaka, watu wa Kirua watapiga simu wakiwa jikoni. Sasa hivi wanapanda kilimani kutafuta mtandao, wanasimama mikono juu kama wanaombewa.

Leo ameletwa mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar, yuko field, mafunzo yao ya vitendo. Binti wa Mwika, anaitwa Prisca. Nyapara akamuuliza anasomea nini. Uhandisi wa kompyuta na simu za mkononi, akasema. Mwaka wa tatu sasa.

Ndoo ilikaribia kuniponyoka. Ndicho anachosomea mwanangu Idi. Chuo kile kile. Waliingia mwaka mmoja.

Nikaishika, nikapanda nayo bila kumuuliza.

Jumatano, 9 Agosti

Sababu ya kunyamaza ni Athumani. Ni mtu wa kwetu, utingo wa malori ya vitunguu. Mwezi uliopita alinikuta stendi ya Moshi akaniambia kamwona Idi Kariakoo. Kakaa nyuma ya meza ya simu mbovu, bisibisi mkononi. Athumani akamwita kwa jina. Idi akainama chini ya meza kama kaangusha kitu, hakuinuka mpaka Athumani kaondoka. Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi.

Athumani alisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka.

Nimejipa majibu mengi. Chuo kilikuwa likizo. Anajifunza kwa mikono. Athumani kafananisha. Hakuna jibu hata moja linalonilaza vizuri.

Prisca lazima anajua. Anakula na sisi, hana maringo. Kila nikitaka kumuuliza naondoka kwenda kubeba kitu. Leo amesema, "Mzee, wewe hupumziki?" Wenzangu wakadakia, "Huyo Mnyaturu akikaa chini anaota kutu."

Jumapili, 13 Agosti

Nimeshuka Moshi kupiga simu. Namba ya Idi haipatikani, kama ilivyokuwa tangu masika. Sauti ya yule dada wa kwenye simu nimeichukia.

Nimezunguka mji bila kazi. Karibu na soko kuna vijana wanatengeneza simu barazani. Nimesimama nikiangalia vidole vyao. Mmoja akaniuliza, "Baba, unauza au unatengeneza?" Nikaona aibu, nikaondoka.

Niandike wazi. Mimi niliishia kidato cha pili. Nimechimba mitaro, nimepasua mawe, nimevuna katani, nimelala kwenye vibanda vya watu miaka mingi. Nilitaka mmoja tu kwetu amalize chuo. Kama Idi ameacha, sijui mimi nilikuwa nafanya nini huku.

Jumatatu, 14 Agosti

Vyuma vya mnara vimefika. Virefu, havikati kona kwenye kile kinjia. Nyapara akaniambia nifungue njia pembeni mwa migomba. Akili yangu ilikuwa Kariakoo. Nikachukua panga nikafyeka mstari wa mimea ya majani marefu kati ya shamba la Bibi na la shemeji yake. Kwetu ua ni minyaa, ukikuzuia unaukata, kesho unaota. Nikafanya hivyo hivyo.

Jani moja nikajifunga kiunoni kushikilia nailoni yangu ya mvua. Wenzangu wakapiga vigelegele. "Bwana harusi! Mahari umeleta?" Nikacheza kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki nzima.

Prisca akatokea. Akatazama chini, akatazama kiuno changu. Hakucheka.

"Mzee, nani kakata masale?"

Jumanne, 15 Agosti

Kazi imesimama. Bibi Apolonia ameweka kigoda katikati ya njia, amekikalia, anachambua kahawa kwenye ungo. Hapigi kelele. Hatazami mtu. Vyuma viko barabarani.

Nimeelezwa sasa. Masale ndiyo mpaka wao, na ni zaidi ya mpaka. Yalipandwa na baba mkwe wake. Mume wake amezikwa pale pale, hatua chache. Nimepiga panga kichwani pake, halafu nikajifunga jani nikacheza ngoma.

Nyapara aliniita pembeni. "Bibi asipotoka hapo wiki hii, wewe rudi kwenu kwenye vitunguu."

Nusu yangu ilifurahi. Nikifukuzwa nitakwenda Dar, nitamsaka mpaka nimpate. Nusu nyingine ikasema, na kama bado anasoma? Atasomaje mimi nikiwa sina kazi?

Nimeshinda nimesimama. Kukaa siwezi.

Alhamisi, 17 Agosti

Jana Prisca alinifundisha. Chukua jani la sale, lifunge fundo, mpelekee asubuhi kabla hajaanza kazi. Usijitetee. Akilipokea, yameisha.

Nikamuuliza, na asipolipokea?

"Hakuna asiyelipokea, mzee. Ndiyo maana halipelekwi kwa mchezo."

Nimekwenda. Nilimkuta mlangoni. Shikamoo Bibi. Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikatoa jani kwa mikono miwili. Maneno niliyopanga yote yakapotea. Nikasema tu, "Nimekosa."

Alilitazama jani mpaka nikadhani Prisca kanidanganya. Kisha akanyoosha mkono akalichukua.

"Usidhani hasira imeisha," akasema. "Hasira ipo. Lakini umeleta sale."

Akaingia ndani akatoka na bakuli la mtori wa ndizi. Nikala nimesimama, akanigombeza nikae. "Umekonda kama fito. Kwenu hakuna ndizi?"

"Hakuna, Bibi."

"Maskini."

Mchana kigoda kilikuwa kimeondoka njiani.

Jumamosi, 19 Agosti

Bibi amenipandisha masale yote upya. Shina lililokatwa linachomekwa tu ardhini, hakuna mbolea, hakuna nini. Yeye nyuma yangu na fimbo. "Nyoosha! Shemeji yangu atasema nimemwibia." Nilipomaliza yalionekana kama vijiti vilivyokufa. Nikamwambia hivyo. Akasema sale halifi kirahisi, mimi ndiye nina haraka.

Kweli nina haraka. Mwili uko Kirua, roho haiko popote.

Alhamisi, 24 Agosti

Nimemuuliza.

Mafundi wapanda minara walikuwa juu wanafunga bolti. Prisca alikuwa chini na kompyuta yake ya mapajani. Nikasema kuna kijana wa kwetu yuko darasa lenu, anaitwa Idi. Sikusema ni wangu.

Uso wake ukafunguka. "Idi wa Singida! Yule mpole, mwenye mikono ya fundi?" Akaanza kunisimulia Idi alivyofufua simu ya mhadhiri iliyoanguka kwenye ndoo ya maji. Nikacheka naye. Nikaanza kupumua.

Halafu akasema, "Ila yule alidisko, mzee. Mwisho wa mwaka wa kwanza."

Sikulijua neno. Akanieleza. Ndivyo wanavyosema mtu akifeli masomo chuo kikamwondoa. Ni hesabu zilizomwangusha. Alilia mbele ya ubao wa matokeo, akafunga begi, hakumuaga mtu.

Mwaka wa kwanza. Yaani ni kama miaka miwili. Salamu zote alizonitumia kwamba mitihani inakwenda vizuri, alizituma akiwa nyuma ya ile meza.

Prisca akanitazama. Akaacha kuandika. "Mzee, Idi ni nani wako?"

Nikaenda kubeba saruji.

Ijumaa, 25 Agosti

Hasira. Sijaswali Ijumaa. Ningekuwa karibu naye ningempiga.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimefunga mfuko wangu niende Dar. Nimeufungua. Nimeufunga tena. Wenzangu wanauliza nahamia wapi kila asubuhi.

Nikifika nitasema nini? Kama ni kutukana, naweza kutukana nikiwa hapa.

Prisca amepata namba mpya ya Idi kwa wanafunzi wenzake. Amenipa kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Nimekiweka ndani ya kofia. Kinaniwasha siku nzima.

Jumatano, 13 Septemba

Leo mnara umewaka. Watoto walikuwa wanakimbia huku na huku na simu za mama zao wakihesabu vijiti vya mtandao. Bibi Apolonia alipigiwa na binti yake wa Tanga, akawa anapiga kelele kana kwamba Tanga inasikia bila simu.

Prisca anaondoka kesho, field imekwisha. Akanipa simu yake. "Piga, mzee. Mimi nakwenda kuagana na Bibi."

Nilisimama chini ya mnara. Nilikuwa na maneno ya wiki tatu, nimeyanoa kama panga. Mwongo. Umenifanya mjinga. Nimezeeka kwenye mawe kwa ajili yako.

Ikaita. "Haloo, nani?"

"Baba yako."

Nyuma yake nikasikia Kariakoo, honi, mtu anauza maji. Nikajua ananisikia napumua. Nikangoja akate.

"Shikamoo baba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo kama ya miaka ile alipovunja chungu cha mama yake. "Nimekosa, baba."

Yale maneno yangu yalikuwa mdomoni. Nikaona yale masale mbele yangu, yamesimama kwenye mstari. Idi hana jani kule, na desturi yenyewe si yetu. Lakini ameleta.

"Marahaba," nikasema.

Akalia. Mimi pia, kidogo. Nikamwambia hasira ipo, asijidanganye. Akasema anajua.

Nikamuuliza, vile vibao virefu vyeupe kule juu ni vya nini? Akauliza viko vingapi, vinatazama wapi. Nikamwambia. Akaanza kunieleza. Vile vyeupe ndivyo vinavyosema na simu za watu, lile dishi la duara linasema na mnara mwingine. Sauti ikakua. Akawa ananikatiza. "Sikiliza, baba, sikiliza." Nikasikiliza mpaka vocha ya Prisca ikaisha.

Jumapili, 17 Septemba

Tumefunga vifaa. Kesho tunahamia Mwika, mnara mwingine. Kokoto tena.

Nimempigia Idi tena, hajui kama atarudi chuo. Anasema akirudi ataanza na hesabu. Anasema asiporudi ataniambia mwenyewe. Sikumlazimisha. Bado inaniuma, hasa asubuhi.

Nimekwenda kumuaga Bibi. Amenifungia ndizi, nyingi kuliko ninazoweza kubeba. Nilipotoka nikapita kwenye mpaka. Vijiti vingi bado vimekaa vile vile. Kimoja kimetoa ncha ya kijani, ndogo kama ukucha.

Nimeinama nikakisindilia udongo kwa kidole.

Mvua bado inaning'inia. Mfuko nimeufunga mara moja tu.