Faida ya Uganda na Mbuzi za Mahari

Mujukuu wangu wa Itebero,

Hii sijaambia muntu. Unaniitaka Tate, ni kusema babu, sababu nabeba jina ya babu yako, hata kama ningali mwanafunzi. Basi Tate anakujibu: usitume franka zako Uganda mbio mbio.

Franka za Mama, za kuuzisha maharagi, tulizituma zikazaa muzuri mu duka ya mujomba kule. Akaturudishia shilingi, nikazipeleka kwa kambisti, mwenye kubadilisha pesa.

«Kijana, shilingi imeanguka bei!» akacheka. «Faida yako imebakia Uganda.»

Franka zilitoka kidogo kuliko tulizotuma! Asilimia zote tulisoma ku masomo, kwa Kifaransa na Kiswahili, na hakuna mwalimu alinionya!

Mama ameshaahidi bakwe mbuzi za mahari ya kaka, za kununua na hiyo faida. Nilimudanganya pesa ingali kule.

Njo Mama anakuja ku mulango. Siifichi tena hii karatasi, aisome mwenyewe.